Wakulima Wananiuliza Usiku na Mchana, Lakini Ajira Siioni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Tengeru hapa Arusha. Nina stashahada ya kilimo cha mboga na matunda. Tangu nimalize chuo nimetuma maombi ya kazi kila mahali: kampuni za mbegu, mashamba ya maua, mashirika, hata mikoa ambayo sijawahi kufika. Wengi hawajibu kabisa. Wanaojibu wanasema watanijulisha, na habari inaishia hapo. Kwa sasa nauza katika duka la pembejeo kwa mshahara wa shilingi 220,000 kwa mwezi, nauli na chakula juu yangu.

Dukani ndipo mambo yalipoanzia. Mkulima anakuja na jani la nyanya amelikunja kwenye gazeti, au picha kwenye simu, anataka dawa. Mimi nashindwa kuuza tu, lazima kwanza niulize shamba likoje. Wakaanza kuomba namba yangu. Mmoja akafungua kundi la WhatsApp, akanifanya msimamizi. Leo kundi lina watu zaidi ya 600, wa Ngarenanyuki, King'ori, Nduruma, Mbuguni, wengine wa Hai na Karatu. Naamka nakuta maswali, nalala nikiwa bado najibu. Nina pia akaunti ya TikTok na Instagram ninayoiita Toto la Chuga, naweka video fupi za shambani.

Sasa Shangazi, nimebanwa pande zote. Video niliyocheza muziki katikati ya matuta ya nyanya ilitazamwa na watu zaidi ya 90,000. Ile niliyoeleza bakajani, ugonjwa wa majani ya nyanya, niliyoihangaikia siku nzima, ilitazamwa na watu 300. Rafiki yangu ananiambia niache somo, nicheze, pesa ziko huko. Bosi wangu naye amegundua, anasema kwa kuwa baadhi ya video nimezipiga dukani, akaunti ni ya duka na nimkabidhi. Kaka yangu anasema mitandao ni ya watu wasio na kazi, na mimi nimekuwa mmoja wao.

Kubwa zaidi ni hili. Wiki iliyopita mtu alinitumia ujumbe. Ana kiuatilifu kipya cha kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, na anataka nifanye video tatu nikisema nimekitumia na kimemaliza wadudu. Malipo ni shilingi 450,000. Nilimwomba namba ya usajili, akasema hilo nimwachie yeye. Pesa hiyo ni zaidi ya mishahara yangu miwili, na mdogo wangu anadaiwa ada. Anataka jibu kabla ya wiki kwisha.

Na mwisho, naomba usinicheke. Kwa ujumbe wa sauti naongea vizuri. Lakini nikiwa mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Usaili wa mwisho niliulizwa nijieleze, nikataja jina na chuo, nikanyamaza.

Nifanye nini?

Binti wa Pembejeo, Tengeru

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Nianze na hizo 450,000, kwa sababu mwenzako anasubiri jibu wiki hii. Usizichukue. Najua ada ya mdogo wako ni deni la kweli na siichukulii kwa wepesi, lakini tazama unachoombwa kuuza. Kantangaze aliingia nchini mwaka 2014, na mkoa wetu ulikuwa wa kwanza kumwona. Uliza wazee wa King'ori na Ngarenanyuki watakusimulia nyanya zilivyooza zikiwa bado kwenye mche, na watu wakipiga dawa juu ya dawa bila nafuu. Wewe umesoma, unajua sababu: kiwavi wake anakaa ndani ya jani na ndani ya tunda ambako dawa inafika kwa shida, anazaliana upesi, na akipigwa na kiambato kilekile mara kwa mara anakizoea. Mkulima anabadilisha chupa akidhani amebadilisha dawa, kumbe ndani ni kilekile. Sasa mtu huyo aliyekwisha kupoteza pesa hivyo anakuona wewe, anayekuamini kuliko muuzaji yeyote, unamwambia "nimetumia na kimemaliza". Atakopa kwenye kikoba anunue. Kikishindwa, msimu wake umekwenda, na anayedaiwa kwenye kikoba ni yeye.

Kuna na upande wa sheria. Kiuatilifu hakiuzwi nchini bila kusajiliwa, na mamlaka yenyewe inayosajili, TPHPA, makao yake makuu yako hapohapo Ngaramtoni. Ni safari ya kifodi, daladala zetu ndogo, kutoka mjini. Mwenye bidhaa halali huweka namba ya usajili mbele, maana ndiyo inayomuuzia. Anayekwambia "niachie mimi" anakuomba utangulize uso wako mahali ambapo yeye anaficha wake. Mwandikie hivi, kwa adabu, umalize:

"Asante kwa kunifikiria. Sisemi nimetumia kitu ambacho sijakitumia. Nitumie picha ya lebo nzima, namba ya usajili na jina la kiambato, niviulizie TPHPA. Vikiwa sawa, tunaweza kujaribu kwenye matuta machache ya mkulima aliyekubali, pembeni ya dawa aliyoizoea, na matokeo nitayaonyesha yawe mazuri au mabaya. Wakulima pia nitawaambia kwamba umenilipa."

Akiendelea na mazungumzo baada ya ujumbe huo, ana bidhaa ya kweli. Akinyamaza, umepata jibu. Ukiuliza TPHPA ukaambiwa bidhaa haijulikani, waachie na picha ya hiyo chupa. Sisemi usilipwe kamwe kwa kutangaza. Ipo siku utalipwa, na vizuri tu. Lakini hao watu 600 wanakusikiliza kwa sababu dukani ulikuwa unauliza kabla ya kuuza. Siku utakapouza bila kuuliza hawatalalamika kwenye kundi. Wataacha tu kukuuliza, na utashangaa kwa nini kumekuwa kimya.

Sasa nije kwa kaka yako. Anakupenda, anaogopa utapotea. Ila anaangalia simu, haangalii kinachofanyika ndani ya simu. Wewe unafanya kazi ya ugani, mwanangu. Afisa ugani analipwa kuchukua elimu ya utafiti na kuieleza kwa mkulima hadi aielewe na aitumie. Unaifanya kila siku kwa watu wengi ambao hujawahi hata kushikana nao mikono, halafu unaihesabu kama jambo la kupitishia muda wakati unasubiri kazi. Nina hakika barua zako za maombi zinasema una stashahada, ni mchapakazi, mwaminifu, unaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Kila mwombaji anasema hivyo. Neno moja kuhusu wale wakulima 600 umeliandika wapi? Mwajiri hawezi kulipia kitu ambacho hukumwambia unacho.

Kwa hiyo anza kuichukulia kama kazi, na kazi huwa na kumbukumbu. Nunua daftari kubwa, au fungua jedwali kwenye simu. Kila swali linaloingia, andika tarehe, kijiji, zao, tatizo, ulichoshauri, na baada ya wiki mbili tatu, kilichotokea. Hicho cha mwisho ndicho watu wengi hawakifanyi, na ndicho cha thamani kubwa kuliko vyote. Mtumie mkulima ujumbe: "Shikamoo baba, ile nyanya ya mwezi uliopita iliendeleaje?" Utajifunza ulipopatia na ulipokosea, naye ataona unamjali. Baada ya msimu mmoja utakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi za mjini zinakitamani: matatizo ya wakulima wa Meru, wiki kwa wiki, kwa maneno yao wenyewe.

Kuhusu namna ya kujibu, nakuomba uwe mkali kidogo. Mtu anatuma picha ya jani moja, imetiwa giza, anaandika "dawa gani". Usikubali kubahatisha. Tengeneza ujumbe mmoja wa kudumu unaoomba picha ya jani upande wa juu na wa chini, shina, mche mzima na shamba kwa mbali, umri wa zao, aina ya mbegu, dawa zilizopigwa na lini, na anamwagiliaje. Programu ya WhatsApp Business ni ya bure na ina sehemu ya kuhifadhi majibu ya namna hiyo, pamoja na alama za kutenganisha wateja. Itakupunguzia kuandika jambo moja mara hamsini. Weka na saa. Jibu jioni kuanzia saa 12 hadi saa 2, watangazie, na usiku ulale. Daktari wa mimea asiyelala atakuja kuandika vipimo vya dawa visivyo sahihi, na kipimo cha dawa si jambo la kukosea. Pia, kila unapomshauri mtu dawa, mtajie siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya hizo zinakuja soko la Kilombero hapa mjini tunanunua sisi, tunawapa watoto.

Halafu video. Ngoma usiione kama dhambi, ukitaka kucheza cheza, u kijana. Ila tofautisha watu 90,000 waliotazama binti akicheza na watu 300 waliotazama bakajani. Wale wa kwanza wako kila mahali, na wengi wao hawana hata mche mmoja wa nyanya. Kati ya wale 300 huenda mia wana shamba linaloungua sasa hivi. Meneja wa mafunzo wa kampuni ya mbegu akitaka kukuajiri, hao ndio atakaouliza habari zao. Cha kufanya ni kuitengeneza hiyo video ya somo iwe ya kutazamika, maana na mimi nashuku ulisimama mbele ya kamera ukasoma maelezo ya darasani.

Chukua mnyauko. Mkulima anaona nyanya imelala mchana ilhali jana ilikuwa nzima. Anakimbilia dukani, anauziwa dawa ya ukungu, anapiga, mimea inaendelea kufa. Wewe unalijua jaribio la glasi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Kama ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina. Ugonjwa huo hauna dawa ya kupuliza ya kuuponya. Mkulima anang'oa mche, anauondoa shambani, anajizuia kupeleka maji kutoka tuta hilo kwenda jingine, na msimu ujao hapandi nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo mahali pale. Hebu ona hiyo video: glasi, shina, zile nyuzi zikishuka, na sauti yako ikisema "usinunue dawa, haitasaidia". Haihitaji dakika nzima, uso wako hata hauonekani. Mfanyakazi wa duka la pembejeo anayemwambia mtu asinunue! Watu wataisambaza wao wenyewe, kwa sababu imewaokolea pesa.

Fuata pia majira. Bakajani ieleze mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajakolea, wakati mkulima bado anaweza kukinga. Ukiieleza Mei jani limeshakufa, na dawa haifufui jani. Kantangaze mweleze kiangazi kinapoingia. Kabla ya kupanda waonyeshe namna ya kukagua lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye pakiti ya mbegu, kwa sababu mbegu bandia ni kilio cha kila msimu. Somo likija wakati mtu analihitaji halihitaji muziki.

Mambo mawili madogo kabla sijaiacha mitandao. Akaunti iite kwa jina lako halisi na kazi yako. Toto la Chuga ni jina tamu kwa marafiki, lakini mzee wa miaka 60 wa Leguruki hawezi kulitaja mbele ya wajukuu, na mwajiri akikutafuta hakupati. Pili, ukimpiga mkulima picha au kuonyesha shamba lake, mwombe ruhusa, ikiwezekana akujibu kwa ujumbe ubaki nao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na hata pasipokuwa na sheria, kumwanika mtu na hasara yake bila ridhaa ni kumvunjia heshima.

Bosi wako. Hapa nakwambia kwa kifupi: ana hoja kidogo, ila akaunti usiikabidhi. Kilichotengenezwa ndani ya saa za kazi, dukani kwake, kwa bidhaa zake, anaweza kudai ni cha kazi, hasa kama mkataba wako uko kimya. Kwa hiyo zile video chache za dukani mpe, au zifute. Kuanzia sasa piga mashambani, siku zako za mapumziko, kwa simu yako na bando lako. Namba za wateja zilizo kwenye daftari la duka usizichukue. Kisha mkalie chini umwambie: "Bosi, akaunti ni yangu, ila wakulima wanaokuja kwa ajili yangu wananunua kwako. Tuandikiane tufanyeje." Akikubali kukuongezea kitu kwa mauzo yanayotokana na kundi, sawa. Akikataa, angalau kila mmoja anajua mpaka wake uko wapi.

Twende kwenye ajira yenyewe. Kuna milango miwili na haifanani, usiichanganye. Ajira ya serikali inapita Sekretarieti ya Ajira: unaomba kwenye mfumo wao, unachambuliwa kwa vyeti, unafanya usaili. Huko idadi ya wafuasi haitakusaidia hata kidogo. Hakikisha taarifa zako kwenye mfumo ni kamili, soma, na tangazo likitoka omba siku ileile. Mlango wa pili ni kampuni za mbegu zenye mashamba ya majaribio kuzunguka Arusha, ni TAHA, chama cha wadau wa mboga, matunda na maua, ambao makao yao yako hapa mjini, ni miradi inayokuja na kuondoka, ni World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga, ambao ni majirani zako kabisa hapo Tengeru. Huko kuna watu ambao kazi yao ni kufundisha wakulima, kusimamia mashamba darasa, kukusanya taarifa za vijijini. Ndio wanaotafuta mtu kama wewe, na ndio ambao barua ya "naomba nafasi yoyote" inawapita bila kusomwa.

Fungua ukurasa wa LinkedIn, uujaze vizuri, uweke ile video ya glasi na maelezo mafupi chini yake. Tafuta majina ya wanaosimamia mafunzo ya wakulima kwenye taasisi hizo, soma wanachoandika, changia pale unapojua jambo. Toa maoni yenye kitu ndani: "Ngarenanyuki mwaka huu tumeona hali hiyo mapema zaidi, wakulima wanne wamenitumia picha." Baada ya hapo ndipo unaandika ujumbe wa moja kwa moja. Wengi wanaandika kwa Kiingereza, na wewe andika Kiingereza chepesi, mtu mwingine akikague. Maudhui yawe kama haya, ila uweke hesabu za kweli kutoka kwenye daftari lako, hizi ni za mfano tu:

"Habari za kazi. Naitwa fulani, nina stashahada ya kilimo cha mboga na matunda na naishi Tengeru. Nahudumia kwa simu wakulima zaidi ya 600 wa nyanya, vitunguu na hoho katika wilaya za Arumeru, Hai na Karatu. Kati ya Machi na Mei nilipokea maswali 140, zaidi ya nusu yakihusu bakajani. Nimeambatanisha muhtasari wa kurasa mbili, pamoja na yale ambayo ushauri wangu haukusaidia. Ningependa kufanya kazi ya mafunzo kwenye mashamba darasa yenu. Naweza kufika ofisini wiki ijayo, siku yoyote mnayoona inafaa."

Ona kilichomo. Msomaji anajua wewe ni nani, unawahudumia nani, umeona nini, unataka nini, na akikubali afanye nini. Hakuna "mimi ni mtu mwenye ari". Ile sehemu ya ushauri ambao haukusaidia usiiondoe kwa aibu. Mtu wa utafiti akiiona atajua una macho.

Ulimi kuwa mzito, mwanangu, siwezi kukucheka. Umelelewa kama wengi wetu, binti hazungumzi mbele ya watu wazima mpaka aulizwe, kisha ghafla unakalishwa mbele ya watu watano wenye miwani unaambiwa jieleze. Nani asiyeganda? Lakini sauti unayo, inasikika kila jioni kwenye kundi. Tofauti ni kwamba kule una kisa cha mtu mkononi, na kwenye usaili uliulizwa habari zako ukiwa huna kisa. Basi nenda nacho. Toka kwenye daftari chagua visa vitatu: ulichopatia, ulichokosea ukajirekebisha, na kimoja ambapo mkulima alikasirika ukamtuliza. Vieleze kwa sauti, kila kimoja kwa dakika mbili: shida ilikuwa nini, uliuliza nini, ulishauri nini, ikawaje. Jirekodi kama unavyorekodi ujumbe wa WhatsApp, jisikilize, rudia. Kisha mweleze mama yako jikoni, yeye atakukatiza pale usipoeleweka, na hiyo ni faida. Usaili ujao wakisema "jieleze", utasema jina, halafu: "Naomba nianze na mkulima mmoja wa Mbuguni."

Na utoke kwenye simu. Vikundi vya wakulima hukutana, vikoba hukutana, baada ya ibada Jumapili watu hukaa. Omba dakika kumi, nenda na ile glasi ya maji. Wasalimie wakubwa inavyopasa, na kama una Kimeru au Kiarusha kitumie bila kujibana, wazee watakufungukia mambo ambayo hawayaandiki kwenye kundi. Mikono ikiwa na kazi, woga hupungua. Ukishazoea, peleka wazo la kipindi kifupi cha kilimo kwenye redio za hapa Arusha au Moshi. Wakulima wengi wenye umri mkubwa hawana simu ya kuonyesha video, ila redio iko shambani pamoja nao. Ukisikika redioni, hata kaka yako ataelewa haraka kuliko mimi nikimweleza.

Pesa, kwa sababu ada inadaiwa. Swali la kundini liache bure, ndilo linaloleta watu. Kumtembelea mtu shambani toza, umwambie mapema bei pamoja na nauli ya bodaboda, na umwachie karatasi yenye ushauri ulioandikwa na kusainiwa. Wenye mashamba makubwa watalipa bila kusita, kwa sababu ziara moja ni nafuu kuliko chupa mbili za dawa isiyofaa. Kikundi kikitaka mafunzo ya nusu siku, wachangishane. Usione haya kutaja bei. Kwa ada ya mdogo wako, nenda shuleni na mzazi mkaombe kulipa kwa awamu, mkiwa na tarehe mtakazozitimiza. Shule nyingi husikiliza anayekuja kabla hajaitwa.

Mwisho, Nane Nane. Viwanja vya Themi kule Njiro vinakusanya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na karibu wote niliowataja wanakuwa na mabanda. Usiende tarehe 8, siku ya kilele hakuna mwenye nafasi ya kukusikiliza. Nenda siku tatu nne kabla, asubuhi mapema, na nakala kumi za ule muhtasari wa kurasa mbili, zenye jina na namba yako juu. Kwenye kila banda uliza nani anasimamia mafunzo ya wakulima, msalimie, mpe karatasi, muulize swali moja la kweli kuhusu zao lake. Chukua jina na namba. Jioni ileile, kabla hujapanda kifodi kurudi Tengeru, mwandikie kila mmoja mistari miwili kumkumbusha mlizungumza nini, na kama yupo aliyesema "njoo ofisini", muulize siku gani na saa ngapi.

Shangazi